Siku 15 za mwanzo: kesi ya kuendesha ukiwa umelewa huko Texas

Karatasi inayowaumiza wenzetu wengi huko Texas haitoki kwa hakimu. Hutolewa na askari usiku uleule wa kukamatwa, na jina lake ni DIC-25. Mtu anatoka rumande kesho yake hajalala, ana aibu, anaikunja pamoja na stakabadhi ya gari lililokokotwa, kisha anasubiri tarehe ya mahakama kana kwamba kila kitu kitaamuliwa siku hiyo. Kumbe karatasi ile imebeba mambo mawili: ni leseni yake ya muda, na ni taarifa kwamba leseni yenyewe itafungiwa kuanzia siku ya 40. Akitaka kupinga, ana siku 15 tu tangu alipokabidhiwa. Siku ya 16 mlango umefungwa, hata kama kesi dhidi yake mahakamani ni dhaifu kiasi gani.

Ndiyo maana sisi tunaowasindikiza ndugu mahakamani, Wakenya na Watanzania wa Houston na Dallas, Wakongo na Warundi waliofika Fort Worth na Abilene baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huanza kwa kuuliza karatasi ya askari iko wapi na ina tarehe gani. Habari za pombe tutaziongea baadaye.

Texas huliita kosa hili DWI, na kukamatwa mara moja huzaa kesi mbili zinazokwenda kila moja kwa njia yake. Moja ni ya jinai, iko mahakamani. Nyingine ni ya leseni, iko mikononi mwa Idara ya Usalama wa Umma, DPS. Aliyepima akakutwa na kiwango cha pombe mwilini cha 0.08 au zaidi hufungiwa leseni siku 90; aliyekataa kupimwa, siku 180. Kama ndani ya miaka 10 iliyopita aliwahi kupatwa na jambo kama hilo, muda unapanda hadi mwaka mmodi kwa aliyepima na miaka miwili kwa aliyekataa. Mwendesha mashtaka akiifuta kesi ya jinai, adhabu ya leseni haifutiki pamoja nayo. Inafutika mtu akishinda kesi, yaani akitangazwa hana hatia. Tofauti hiyo huwashtua watu wanaorudi nyumbani wakishangilia kesi imefutwa, halafu wanakamatwa tena kwa kuendesha na leseni iliyofungiwa.

Kuomba kusikilizwa si kazi ngumu. Ombi hupelekwa DPS na wakili au na mhusika mwenyewe, na likiingia ndani ya muda, leseni haifungiwi mpaka shauri la leseni liamuliwe. Faida ya pili wengi hawaijui: wakili anaweza kumwita askari aje kuhojiwa chini ya kiapo, miezi kadhaa kabla ya kesi ya jinai. Anachosema hapo huandikwa, na akija kubadili maneno baadaye, maandishi yapo. Hata shauri la leseni lenyewe likishindwa, kazi hiyo haikupotea.

Kuna mtego wa anwani. Damu ikichukuliwa, majibu ya maabara huchelewa, na taarifa ya kufungiwa leseni huja kwa posta baadaye, kwenye anwani iliyoko kwenye kumbukumbu za leseni. Sheria inataka mtu aliyehama abadilishe anwani ndani ya siku 30. Wenzetu tunahamahama apatimenti kila mkataba unapoisha na hatubadilishi. Barua inakwenda mlango wa zamani, siku zinahesabika, na mwenye leseni hana habari.

Turudi barabarani. Askari akikusimamisha, unawajibika kumpa leseni na bima. Huwajibiki kueleza ulikotoka, ulikunywa nini, wala ulikunywa saa ngapi. Adabu tuliyolelewa nayo hutufanya tujieleze kwa mkubwa mwenye sare, na sentensi inayotoka karibu kila mara ni ileile: "Nimekunywa bia mbili tu." Kamera ya kifuani imeshairekodi. Inatosha kusema kwa heshima kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza, kisha unyamaze kwelikweli.

Halafu yapo majaribio matatu ya kando ya barabara: kufuatisha kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole kwenda na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30. Majaribio haya ni ya hiari. Kutembea kuna dalili nane zinazohesabiwa, na mbili tu zinatosha kukuweka upande wa waliolewa. Mguu mmoja una dalili nne, na mbili zinatosha vilevile. Sasa angalia zinazohesabiwa: kuanza kabla hujaambiwa uanze, kutoka kwenye mkao wakati bado unaelekezwa, kugeuka kwa namna isiyo ile uliyoonyeshwa. Mtu anayeelewa Kiingereza nusunusu atakosea haya akiwa hajaonja hata tone. Mwenye goti bovu, mwenye uzito mkubwa au mwenye umri zaidi ya miaka 65 naye hupata shida ambayo pombe haihusiki. Kwa hiyo wakili aambiwe mapema kuhusu lugha, magonjwa na majeraha ya zamani, na aiombe video kabla ya kuzungumzia makubaliano yoyote. Mara nyingi video na ripoti ya askari hazisemi kitu kimoja.

Kwenye vikundi vya WhatsApp ushauri unaozunguka ni "kataa kupimwa, watakosa ushahidi". Ushauri huo umepitwa na wakati. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya McNeely ya 2013 na ya Birchfield ya 2016, ilisema damu kwa kawaida ichukuliwe kwa hati ya hakimu. Texas ikajipanga: katika kaunti nyingi kuna hakimu wa zamu anayesaini hati usiku huohuo, hasa wikiendi na sikukuu. Matokeo yake aliyekataa hupata vyote viwili, siku 180 za leseni na damu yake maabara. Kukataa kwenyewe kunaweza kutajwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Hati ikishaletwa, usibishane wala usivute mkono, maana hapo unajiongezea shtaka jingine. Aliyekubali kutoa damu au pumzi aliyoombwa na askari ana haki ya kupimwa tena na mtu wake, kwa gharama yake, ndani ya saa mbili. Kipimo cha pumzi nacho kina masharti: mtu akae pamoja na mpimaji mfululizo dakika 15 bila kuweka kitu mdomoni, na hupuliza mara mbili. Muda huo ukikatwa, wakili anapata pa kushika.

Sheria ya Texas ina njia mbili za kumhesabu mtu kuwa amelewa. Ya kwanza ni 0.08. Ya pili ni kupoteza uwezo wa kawaida wa akili au mwili kwa sababu ya kitu chochote ulichokiingiza mwilini, na hapo namba haihitajiki. Mtu mwenye 0.06 anaweza kushtakiwa. Aliyemeza dawa ya usingizi aliyoandikiwa na daktari, au dawa ya mzio inayosinziza ya duka la kawaida, anaweza kushtakiwa pia, na cheti cha daktari hakimwokoi: sheria imesema wazi kwamba ruhusa ya kutumia dawa si utetezi. Chini ya miaka 21, chembe yoyote ya pombe ni kosa.

Mirungi inahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu wapo wanaoichukulia kama kahawa. Kwa sheria za Marekani kathinoni, ile nguvu ya jani bichi, iko kundi la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Jani likikauka kathinoni hupungua na kubaki kathini, ambayo nayo imedhibitiwa, kundi la nne. Kifurushi kikikutwa kwenye gari, kesi haibaki ya kuendesha tu. Inakuwa ya dawa za kulevya, na kwa asiye raia hiyo ni balaa kubwa kuliko DWI yenyewe.

Hesabu ya pombe inawadanganya hata watu makini. Kipimo kimoja Marekani ni bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Chupa ya nusu lita tuliyoizoea ni karibu kipimo kimoja na nusu, na bia za viwanda vidogo zenye asilimia 8 zinazidi hapo. Mwili huunguza takribani 0.015 kwa saa, na kahawa, kuoga wala supu ya pilipili haiuharakishi. Aliyetoka kwenye sherehe saa 8 usiku akiwa na 0.16 atashuka kufikia 0.08 kama saa 1 na dakika 20 asubuhi. Alilala, ameamka, anajiona mzima, anakwenda zamu yake hospitalini au kanisani, na kisheria bado amelewa. Na aliyeamua kulala ndani ya gari huku injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi anaweza kuhesabiwa kuwa alikuwa "akiendesha". Maegesho ya apatimenti na ya maduka nayo ni mahali pa umma kwa sheria hii.

Adhabu sasa. Kosa la kwanza ni kosa dogo la daraja B: jela kuanzia saa 72 hadi siku 180, faini isiyozidi dola 2,000. Chupa iliyofunguliwa ikiwa karibu, kiwango cha chini kinakuwa siku 6. Kipimo kikifika 0.15, kosa linapanda daraja A, hadi mwaka mmoja na dola 4,000. Kosa la pili ni daraja A pia, na kiwango cha chini ni siku 30. La tatu ni jinai nzito, miaka 2 hadi 10 gerezani na faini hadi dola 10,000. Texas haina muda wa kusahau: DWI ya mwaka 1998 inahesabiwa leo. Mtoto wa chini ya miaka 15 akiwa ndani ya gari, hata kosa la kwanza linakuwa jinai nzito, siku 180 hadi miaka 2. Kumjeruhi mtu vibaya ni miaka 2 hadi 10. Kuua ni miaka 2 hadi 20. Na tangu Septemba 2023, aliyepatikana na hatia ya kuua kwa ulevi huamriwa kuwalipia matunzo watoto wadogo wa marehemu mpaka wafike miaka 18 au wamalize sekondari, na akiwa gerezani deni linamsubiri atoke. Sheria hiyo naiona ya haki kabisa. Watoto wale hawakuchagua kuwa yatima.

Juu ya faini ya hakimu kuna nyingine inayowakuta watu wakiwa hawana hata nauli. Tangu Septemba 2019, anayetiwa hatiani hutozwa dola 3,000 kwa mara ya kwanza, 4,500 kwa mara ya pili ndani ya miezi 36, na 6,000 kipimo kikiwa 0.15 au zaidi. Hii ndiyo faini inayozungumzika. Hakimu akiridhika kwamba mtu ni fukara, sheria inamtaka aifute. Nenda na hati ya kodi ya mwaka uliopita, karatasi za mshahara, au barua kuonyesha kwamba wewe au watoto wako mnapata msaada wa chakula, Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), WIC (msaada wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo) au chakula cha bure shuleni. Familia nyingi za wakimbizi zinastahili kabisa na zinalipa kwa awamu miaka miwili kwa sababu hakuna aliyewaambia waombe.

Wengi wa kosa la kwanza hawafungwi, hupewa probesheni, yaani kutumikia adhabu nje kwa masharti, na probesheni ina miba yake. Kuna darasa la saa 12 kuhusu DWI, saa za kazi za kijamii kuanzia 24 hadi 100, ada ya kila mwezi, na katazo la kuonja pombe. Kipimo cha mkojo kinachoitwa EtG huweza kuonyesha kilichonywewa hadi siku tatu nyuma. Kutoka nje ya kaunti kunahitaji ruhusa, hata ukiwa unakwenda msibani. Piga simu kwa ofisa wa probesheni kwanza, ndipo ununue tiketi. Wenye 0.15 na wenye kosa la pili hufungiwa kwenye gari kifaa cha kupulizia kabla injini haijawaka, na kifaa hicho hudai pumzi tena gari likiwa safarini. Dawa ya kusukutua yenye pombe, hata divai ya meza ya Bwana, inaweza kukiamsha. Sukutua kwa maji, ngoja dakika 15, upulize tena, na uandike saa na sababu. Kutopuliza kabisa kunaonekana kwenye ripoti kuwa kubaya kuliko kushindwa. Na kila atakayeendesha gari hilo, mke au kaka, atapuliza.

Aliyefungiwa leseni anaweza kuomba mahakamani leseni ya kwenda kazini, shuleni na kwenye shughuli za lazima za nyumbani. Atahitaji kwanza cheti cha bima cha SR-22, ambacho baada ya kutiwa hatiani hudumishwa miaka miwili. Bima ikikatika hata siku chache, kampuni inaiarifu DPS na leseni inafungwa upya. Kurudishiwa leseni baada ya kufungiwa na DPS ni dola 125 nyingine.

Madereva wa malori, hapa msome taratibu. Kwa mwenye CDL, ile leseni ya magari ya biashara, akiwa kwenye lori kikomo ni 0.04. Lakini DWI ya kwenye gari dogo la nyumbani, siku ya mapumziko, nayo huondoa CDL mwaka mzima. Akiwa na mzigo wa hatari kwenye lori, miaka mitatu. Mara ya pili, maisha. Kukataa kupimwa huhesabiwa sawa. Leseni ya muda ya kwenda kazini haiwezi kumrudisha kwenye lori. Mwajiri aarifiwe leseni ikifungiwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, na hukumu ndani ya siku 30. Kanada, tangu Desemba 2018, inalihesabu kosa hili kuwa zito, hivyo hata DWI moja inaweza kumrudisha dereva mpakani.

Nimeacha uhamiaji hadi hapa kwa sababu ndipo makosa yanapokuwa hayarekebishiki. Mahakama Kuu katika kesi ya Leocal ya 2004, iliyomhusu mkazi halali mzaliwa wa Haiti, ilisema kuendesha umelewa na kujeruhi, bila kukusudia, si uhalifu wa kutumia nguvu unaomfanya mtu afukuzwe. Kwa hiyo DWI moja ya kawaida, ya pombe, kwa kawaida haimfukuzi mwenye grini kadi. Watu husikia hapo na kupumua, kisha hawasikilizi sehemu inayobaki.

Kwanza, Texas tangu 2019 huruhusu kwa kosa la kwanza lisilofika 0.15 utaratibu ambao mtu anakiri, hakimu hatangazi hatia, na akimaliza masharti kesi hufungwa. Mwenye CDL hana fursa hii. Kwa raia ni ofa nzuri. Kwa asiye raia, sheria ya uhamiaji huihesabu kuwa hukumu kamili, kwa sababu alikiri na akapewa masharti. Ile "hutakuwa na rekodi" anayoambiwa koridoni si kweli mbele ya ofisa wa uhamiaji. Pili, hukumu mbili za DWI ndani ya kipindi cha kuthibitisha tabia njema, ambacho kwa wengi wanaoomba uraia ni miaka 5, zinamweka mtu mahali pa kuhesabiwa hana tabia njema. Uamuzi wa mwaka 2019 katika kesi ya Castillo-Perez uliweka hivyo. Tatu, uraia hauwezi kuidhinishwa ukiwa bado kwenye probesheni, basi usiwasilishe ombi kabla hujaimaliza. Nne, mwenye viza ya masomo au ya kazi anaweza kupata barua pepe kwamba viza yake imefutwa kwa sababu ya kukamatwa tu, kesi haijasikilizwa. Kwa kawaida hadhi yake ndani ya nchi haipotei kwa barua hiyo peke yake, ila akienda nyumbani atahitaji viza mpya na kupelekwa kwa daktari wa ubalozi. Asisafiri kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Wakili wa jinai naye ana wajibu hapa. Katika kesi ya Padilla ya 2010, iliyomhusu dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, Mahakama Kuu ilisema wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Hilo ni pamoja na wakili uliyepewa na mahakama. Mwambie siku ya kwanza, bila kuona haya, una karatasi gani: grini kadi, ukimbizi, hifadhi, viza, au huna. Ukimficha, atakutafutia makubaliano yanayomfaa mtu mwingine.

Familia inayokusanya pesa za dhamana isubiri kidogo kama ndugu si raia. Jela za kaunti za Texas, kwa sheria ya 2017, zinapaswa kuheshimu ombi la ICE, yaani maofisa wa uhamiaji wanaokamata watu, la kumshikilia mtu. Dhamana ikilipwa haraka wakati ombi hilo lipo, ndugu anaweza kutoka mlango mmoja na kuingia kizuizi cha uhamiaji, na pesa zimekwenda. Uliza kwanza kama ombi lipo, kisha mpigie wakili wa uhamiaji.

Mkalimani ni haki, na aombwe kwa maandishi mapema, maana wa Kiswahili ni wachache na kesi huahirishwa kwa kumkosa. Wakili aeleze pia mteja anatoka Bukavu au Mombasa, na kama lugha anayoimudu vizuri zaidi ni Kirundi, asilazimishwe Kiswahili. Mtoto wa shule asitafsiri. Mchungaji pia asitafsiri, hata akiwa na nia njema, kwa sababu anachokisikia ofisini kwa wakili kinaweza kupoteza usiri wake.

Kesi ikiisha kwa kufutwa au kwa ushindi, mtu huweza kuomba kumbukumbu za kukamatwa ziteketezwe. Kabla hujasaini ombi hilo, nenda kwa karani wa mahakama ununue nakala mbili au tatu zenye muhuri za hati ya mashtaka na ya uamuzi wa mwisho, pamoja na risiti ya kila faini. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kumbukumbu zilifutwa, na ofisa atataka kuziona karatasi. Zikishateketezwa, karani atakuandikia tu kwamba hana kitu.